Bendi haikuzaliwa siku ya mkataba

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wenu wa barua niseme neno kuhusu makala mliyoichapa juma lililopita, iliyohusu bendi ya rock ya vijana waliotoka katika mji mdogo na ambao sasa nyimbo zao zinapigwa redioni mbali na kwao. Niliisoma mara mbili, mara ya kwanza kwa furaha na mara ya pili nikiwa na kalamu mkononi, kwa sababu mwandishi wenu alisema kwamba vijana hao wameibuka usiku mmoja, kisha aya mbili mbele akataja kwa kupita tu kwamba walianza kupiga pamoja wakiwa na umri wa miaka 14 na kwamba mwimbaji wao sasa ana miaka 23. Usiku huo mmoja, kwa hesabu ya mwandishi mwenyewe, ulichukua miaka tisa.

Sina ugomvi naye, maana kosa hili ni la wengi. Habari za bendi karibu zote huanzia siku ya kutia saini mkataba, na yote yaliyotangulia hufungiwa katika sentensi moja kwamba vijana hao waliupenda muziki tangu utotoni. Kwa maoni yangu sehemu hiyo inayorukwa ndiyo habari yenyewe, na ndani yake kuna kitu ambacho sijaona bendi ya vijana ikifika mbali bila kuwa nacho, nacho ni chumba. Nasema chumba cha kawaida tu, chenye soketi ya umeme, mlango unaofungika na mtu mzima aliyekubali kuvumilia kelele.

Tuitazame bendi ya Radiohead, ambayo wasomaji wengi waliisikia kwa mara ya kwanza katika miaka ya 1990. Wale watano walikuwa wanafunzi wa shule moja katika mji wa Abingdon, karibu na Oxford nchini Uingereza, na walipoanza kupiga pamoja mwaka 1985 walijiita On a Friday, yaani siku ya Ijumaa, kwa kuwa Ijumaa ndiyo siku waliyokuwa wakikutana kufanya mazoezi katika chumba cha muziki cha shule. Bendi ilijipa jina la ratiba ya chumba. Mdogo wao kwa umri, Jonny Greenwood, aliruhusiwa kuingia kwanza kwa kupuliza kinanda cha mdomo, na kazi ya gitaa iliyompa sifa ilikuja baadaye. Kisha wakubwa wakaenda vyuo vikuu, na bendi ikawa inaishi kwa mazoezi ya likizo na ya mwisho wa juma. Mkataba wa kurekodi ulitiwa saini mwishoni mwa mwaka 1991, na hapo ndipo jina lilipobadilishwa. Magazeti ya wakati huo yalipokea bendi mpya, wakati wale vijana walikuwa tayari wamezoeana kwa miaka sita, kiasi kwamba mmoja akipumua mwenzake anajua anataka kuingia wapi.

Najua chumba hicho kinavyokuwa kwa sababu nami nilikuwa na changu. Nilikuwa na miaka 16 na nilipiga besi katika bendi ya watu wanne ambayo haikufika popote. Tulikuwa na amplifaya moja yenye matundu mawili. Moja lilichukua gitaa, na la pili tulilipigania mimi na mwimbaji. Mwimbaji aliposhinda, nilipiga besi isiyosikiwa na mtu, nikihisi tu mtetemo wa nyuzi kwenye mbavu zangu. Mpiga dramu hakuhitaji umeme, kwa hiyo yeye ndiye aliyetawala. Alipokazana, mpiga gitaa aliongeza sauti, mwimbaji akasogea karibu na spika ili ajisikie, na spika ikatoa ule mluzi mkali ambao kila aliyewahi kushika maikrofoni anaujua. Tuliamini kwamba tatizo letu ni uhaba wa vyombo, na kwamba tukipata amplifaya ya pili tutakuwa bendi. Ilituchukua karibu mwaka mzima kugundua kwamba dawa ilikuwa mpiga dramu apige kwa upole. Siku moja alivua fulana akaitandaza juu ya ngoma yake ndogo, na kwa mara ya kwanza tukasikia kwamba mimi na yeye hatukuwa pamoja: mguu wake ulikitangulia kidole changu kwa nukta ndogo sana, katika kila duru ya wimbo, na bila shaka ndivyo ilivyokuwa mwaka wote. Tulirudia mapigo manne yale yale hadi giza likaingia. (Ukutani tulikuwa tumebandika trei za mayai, tukiamini kwamba zinazuia sauti isitoke nje. Hazizuii. Hupunguza kidogo mwangwi wa sauti nyembamba ndani ya chumba, basi, lakini besi na ngoma hupita kana kwamba hakuna ukuta. Majirani wangeweza kutueleza hayo tangu siku ya kwanza.)

Vipaji vyetu vilikuwa vya wastani, lakini bendi haikufa kwa sababu hiyo. Ilikufa pale mtu aliyekuwa akitunza funguo za kile chumba alipohamishwa, na aliyemrithi akasema kwamba chumba kile ni cha kuhifadhia viti. Tulikaa wiki tatu bila mazoezi, tukakutana mara moja nyumbani kwa mmoja wetu, tukafukuzwa kabla ya wimbo wa pili, kisha zikapita wiki nyingine tano. Hakuna aliyetangaza kujitoa. Siku moja tu nilimkuta mpiga gitaa njiani, tukaongea mambo ya mitihani, na wala hakuna aliyeitaja bendi.

Ndiyo maana ninaposoma historia ya bendi yoyote huwa natafuta kwanza chumba chao kilikuwa wapi, na mara nyingi hukipata. Vijana wa Def Leppard walifanyia mazoezi katika kiwanda cha zamani cha vijiko mjini Sheffield, na mpiga dramu wao Rick Allen alijiunga nao mwaka 1978 akiwa ndiyo kwanza ametimiza miaka 15. U2 walikutana Septemba 1976 jikoni kwa akina Larry Mullen, mpiga dramu wao, baada ya kijana huyo wa miaka 14 kubandika tangazo katika ubao wa shule kutafuta wenzake wa kupiga naye. Silverchair wa Newcastle, Australia, walikuwa na gereji ya wazazi wa mpiga dramu. Gereji ina mwenyewe, na jiko lina mwenyewe zaidi. Lazima mtu fulani alikubali kwamba jioni hiyo hakutapikwa kwa amani.

Mfano unaonigusa kuliko yote hautoki Ulaya wala Australia. Mwaka 2014, katika madrasa moja ya wilaya ya Garut, Java Magharibi nchini Indonesia, wasichana watatu, Firda Marsya Kurnia, Widi Rahmawati na Euis Siti Aisyah, waliunda bendi ya metal, yaani rock nzito yenye kishindo, wakaiita Voice of Baceprot. Neno hilo la pili ni la Kisunda, lugha ya kwao, na maana yake ni kelele za mtu asiyekwisha maneno. Aliyewafungulia mlango alikuwa mwalimu wao wa ushauri nasaha, ambaye ndiye aliyewaonjesha muziki huo mzito na kuwaelekeza kwenye vyombo. Walipiga wakiwa wamevaa hijabu, na waliokereka hawakuwa wachache: kwao palikuwa na watu walioona kwamba muziki wa namna ile haumfai msichana wa Kiislamu, na hata nyumbani haikuwa rahisi kuwaelewesha wazazi. Mwaka 2022 walitoa wimbo ambao ni dua ya kumwomba Mungu awaruhusu kupiga muziki. Mwaka huo huo walipanda jukwaa la tamasha la Wacken nchini Ujerumani, mwaka 2023 wakatoa albamu yao Retas, na Juni 2024 wakawa bendi ya kwanza kutoka Indonesia kupiga katika tamasha la Glastonbury nchini Uingereza. Vyombo vingi vya habari vya nje viliandika juu ya hijabu. Mimi nawazia zaidi yule mwalimu, aliyekuwa na sababu zote za kuwaambia mabinti wale warudi darasani.

Jambo lingine ambalo makala yenu ililichukulia kama msiba ni udogo wa mji wenyewe, kana kwamba vijana wale walishinda kikwazo. Hapa sikubaliani kabisa. Mji mdogo una neema yake, nayo ni muda. Mahali ambapo hakuna onyesho la kwenda kutazama Jumamosi, vijana hulazimika kuwa onyesho wao wenyewe, na mahali ambapo kuna mpiga dramu mmoja tu hakuna anayeweza kumfukuza mwenzake kwa hasira, inabidi wapatane. Wale watatu wa Muse walikulia Teignmouth, mji wa pwani kusini magharibi mwa Uingereza wenye watu wasiofika 20,000. Mwaka 1994 waliingia katika mashindano ya bendi kwa jina la Rocket Baby Dolls, wakavuruga vyombo jukwaani kama watu wasiokuwa na la kupoteza, wakashinda bila kutarajia, na ushindi huo ndio uliowafanya waichukulie kazi hiyo kwa uzito. Albamu yao ya kwanza ilitoka mwaka 1999, miaka mitano baadaye. Septemba 2009, wakiwa tayari wamejaza viwanja vikubwa, walirudi Teignmouth kupiga kwa siku mbili mbele ya watu wa kwao, na naamini hakuna hadhira inayotisha kama ile inayokumbuka ulivyokuwa ukiimba nje ya sauti.

Ila neema hiyo ina ukomo, na hapo mwandishi wenu angeweza kusaidia wasomaji kuelewa kupanda kunakuwaje hasa. Bendi inapoishiwa watu wa kuisikiliza kwao lazima itoke, na kutoka huko mara nyingi ni kwenda kufanya kazi ngumu mahali ambapo hakuna anayekujua. Beatles walikuwa vijana wa Liverpool, jiji kubwa, lakini shule yao halisi ilikuwa kumbi za usiku za Hamburg mwaka 1960, ambako walipiga saa nyingi kila siku kwa watu waliokuja kunywa. Mpiga gitaa wao George Harrison alikuwa na miaka 17, na Novemba mwaka huo wenye mamlaka walimrudisha kwao kwa sababu hakuwa ametimiza umri wa kufanya kazi usiku. Mwanzoni mwa 1962 kampuni ya rekodi ya Decca iliwasikiliza ikawakataa. Wimbo wao wa kwanza kwa kampuni iliyowakubali ulitoka Oktoba mwaka huo, miaka mitano na miezi mitatu tangu John Lennon na Paul McCartney walipokutana kwenye sherehe ya kanisa wakiwa na miaka 16 na 15.

Kuna watakaosema kwamba hayo ni mambo ya kale, na kwamba siku hizi kijana anaweza kurekodi chumbani kwake kwa kompyuta na kujulikana kupitia intaneti bila kumsumbua jirani yeyote. Hoja hiyo ina ukweli kwa mtu mmoja anayetunga peke yake. Kwa bendi haifai, na mfano unaotolewa mara nyingi kuithibitisha huthibitisha kinyume. Husemwa kwamba Arctic Monkeys, vijana wa High Green pembezoni mwa Sheffield, walitengenezwa na intaneti. Ukweli ni kwamba walianza mwaka 2002 wakiwa bado wadogo wa shule, wakafanya mazoezi, wakapiga katika kumbi ndogo, na kwenye maonyesho hayo wakawa wanagawa bure CD walizorekodi wenyewe. Mashabiki ndio waliozipakia mtandaoni, wakazisambaza wao kwa wao, na hata ukurasa wa bendi katika mtandao wa MySpace ulifunguliwa na mashabiki. Albamu yao ya kwanza ilipotoka Januari 2006 iliuza zaidi ya nakala 360,000 nchini Uingereza katika wiki ya kwanza. Intaneti ilibeba kitu kilichokwisha kuiva, isingeweza kukiivisha.

Na kuiva huko kuna faida inayohesabika kwa fedha, jambo ambalo vijana wanaoanza wangefaidika kulisoma gazetini. Studio hulipiwa kwa saa. Bendi ambayo haijakubaliana wimbo unaishaje itakubaliana humo humo, huku saa inakimbia na fundi mitambo anatazama dari. Nirvana, ambao chanzo chao ni mji wa Aberdeen katika jimbo la Washington nchini Marekani, walirekodi albamu yao ya kwanza, iliyotoka mwaka 1989, kwa dola 606 na senti 17. Waliweza kwa sababu walijua walichokwenda kufanya. Fedha hizo zilitolewa na mpiga gitaa aliyekuwa amejiunga nao karibuni, na jina lake limeandikwa kwenye jalada pamoja na wengine ingawa hakupiga hata noti moja humo. Ni moja ya shukrani za kweli ninazozijua katika muziki wa rock. Silverchair nao walimaliza albamu yao ya kwanza kwa siku tisa, mwaka 1995, wakiwa na miaka 15.

Umri huo una gharama zake na haifai kuupamba. Kijana wa miaka 15 hawezi kutia saini mkataba mwenyewe, kwa hiyo anayesoma masharti ni mzazi ambaye huenda hajawahi kusikia neno mrabaha, yaani malipo ya msanii kwa kazi yake inayouzwa au kupigwa. Wazazi wa Silverchair walilazimika kusafiri na watoto wao katika ziara. Miaka michache baadaye mwimbaji wao, Daniel Johns, alisema waziwazi kwamba alikuwa ameugua ugonjwa wa kujinyima chakula wakati ule ule dunia ilipokuwa ikimpigia makofi. Habari ya kupanda kwa vijana inayoacha kuuliza ni nani anawaangalia haijakamilika.

Halafu kuna suala la picha. Katika makala yenu picha ilikuwa ya mwimbaji peke yake, na wenzake watatu walitajwa kwa vyombo vyao: mpiga besi, mpiga dramu, mpiga gitaa la pili. Mimi kama mpiga besi wa zamani nimeshazoea, lakini nadhani mnafahamu jinsi bendi nyingi zinavyovunjika. R.E.M., waliopiga onyesho lao la kwanza katika kanisa la zamani huko Athens, Georgia, mwaka 1980, waliamua tangu mapema kwamba nyimbo zao zitaandikwa majina ya wote wanne na mapato ya utunzi yagawanywe sawa, bila kuulizana nani alileta mstari gani. Waliachana mwaka 2011, baada ya miaka 31, bila kushtakiana. Gazeti halina mamlaka juu ya mikataba ya watu, ila lina mamlaka juu ya picha.

Ombi langu kwenu ni dogo. Mtakapoandika tena juu ya vijana wa namna hii, mtumeni mwandishi siku ya kawaida ya mazoezi badala ya siku ya onyesho. Akae kwenye kreti kwenye kona, asikilize wimbo mmoja ukirudiwa mara kumi na tano, aone ni nani anasimamisha wenzake na anatumia maneno gani, aone mpiga dramu anafunga kitu gani juu ya ngoma yake. Amuulize mwenye funguo jina lake na aliandike. Makala yenu ilisema kwamba kabla ya kujulikana vijana hawa walikuwa wakifanyia mazoezi "mahali fulani". Ningependa sana kujua ni wapi, na kama pale mahali sasa hivi pana wengine wenye miaka 14, au pamewekwa viti.

Ni mimi msomaji wenu,
Mpiga besi wa zamani